Mkate wa Shija

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefagia uwanja mara mbili na bado ni mwekundu. Vumbi la magome. Linaingia kwenye chumvi, kwenye shuka, kwenye maji ya kuku. Mkwilima wangu Shija, mume wa Resti binti yangu, amejenga banda la mabati upande wa pili wa ua wangu hapa Ilembo, na humo ndimo anatengeneza kile anachokiita ubao wa kisasa. Anasaga magome ya miti kwa mashine ya kukoboa mahindi aliyoibadilisha meno. Anayachanganya na gundi. Anayaweka kati ya mabamba mawili ya chuma juu ya moto wa maranda, anabana kwa jeki za lori, anangoja. Kinachotoka ni cha kahawia na kinafanana na ugali wa mtama uliolala.

Mtaani wanauita mkate wa Shija. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Resti akaja kuuliza kuna nini.

Alisomea mambo ya mbao huko Moshi. Miaka miwili, ili ajue kwamba mti una ganda. Mimi nilifundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, na watoto wa aina yake nawajua. Wa kwanza kunyoosha mkono, wa mwisho kuwa na jibu.

Jumatano, 9 Oktoba

Kaja Mzee Fulgensi kuuliza kama kelele za mashine zinanisumbua. Katumwa. Ndiye mshenga aliyemleta Shija kwangu wakati wa posa, na tangu hapo hajaacha kazi. Hawezi kuiacha. Sisi Wakonongo na wao Wasukuma tunafanana kwa jambo hili: mama mkwe na mkwilima hawazungumzi ana kwa ana. Hatupeani mikono. Hatuli pamoja. Tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Akipita uani kwangu ananipa ubavu, nami nampa mgongo. Neno lolote lenye uzito lazima lipite kwa mshenga.

Mila hii ina faida moja kubwa: simuoni akitafuna.

Hasara yake ni Fulgensi. Neno kali haliwezi kupita mdomoni mwake. Linaingia jiwe, linatoka uji. Leo nilimwambia amwambie Shija kwamba vumbi lake linanitia kikohozi na kwamba yeye ni mpumbavu. Jioni Resti akaniambia mume wake amefurahi sana kusikia kwamba ninaiombea kazi yake.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda Misunkumilo kwenye miti yangu. Mitundu na miyombo, mikubwa, ile ambayo majirani wote walishaigeuza mkaa kwao na sasa wanakuja kwangu kutafuta kivuli. Maua yamechanua. Ukisimama katikati unasikia nyuki juu, pande zote, hujui mti upi unaanza na upi unaishia. Nilikaa muda mrefu. Hakuna mtu wa kumdharau kule, napumzika.

Miti hii ilikuwa ya marehemu mume wangu. Wazee wake wote walitengeneza mizinga ya magome: unavua gome zima kwenye mti, unaliviringisha, unalishona, mzinga tayari. Na mti umekwisha. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kukataa. Alisema huwezi kuchinja ng'ombe ili ngozi yake uikamulie maziwa. Akatengeneza mizinga ya mbao, na ndugu zake wakamwita Mzungu. Leo ndugu zake hawana hata mti wa kufungia mbuzi.

Asali ya hapa ndiyo iliyomsomesha Resti na ndiyo inayonilisha. Nikifa inakuwa ya Resti. Nilimwambia mwaka jana, tumekaa barazani, na Shija alikuwa upande wa pili wa ukuta akijifanya anatengeneza baiskeli. Tangu siku ile, wanavyoniambia, akiwa na wenzake anaiita miti yetu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeletewa kabati. Zawadi kutoka kwa mkwilima. Mkate mtupu, juu hadi chini, umepakwa vanishi ili tusiutambue. Resti alilishangilia kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni. Niliweka sahani. Mchana mlango ukadondoka. Skrubu zilitoka zenyewe na unga wake, hazikuwa zimeshika kitu. Resti anasema Shija amesema magome yalizidi na mbao ikapungua, kwamba kuna kipimo, kwamba bado anatafuta kipimo. Atafute kwa sahani za watu wengine.

Kuna jambo jingine naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma. Wiki iliyopita alipigilia vipande vya huo mkate kwenye dari ya jiko langu, juu ya vumbi lote lile, bila kuniuliza. Leo jua lilikuwa kali la kupasua mabati. Jiko lilipoa. Nilikaa humo mchana kutwa. Sitamwambia mtu.

Jumanne, 22 Oktoba

Bwana mmoja mwenye ukumbi wa harusi huku mjini ameona dari ya jiko langu. Resti alimwingiza mpaka ndani, mimi nikiwa na gauni la zamani na sufuria mkononi. Ametaka ukumbi wote uwekwe dari hiyo kabla ya Krismasi. Sasa banda limechangamka. Shija anatembea kifua mbele mpaka nahofia vifungo vya shati.

Lakini magome hayatoshi. Anayapata kwenye mabanzi, zile pembe za magogo zinazotupwa kwenye viwanja vya mbao na ambazo mama lishe wanapikia. Kumbe magome hayo yanaburutwa chini, yamejaa mchanga na vijiwe, na meno ya mashine yanaisha haraka kama sabuni. Ukipita bandani unasikia mashine inasaga mawe. Fundi anayenoa meno amekuwa kama mkazi wa ua huu. Leo nilimsikia Shija akilalamika kwa sauti kwamba anahitaji malighafi safi.

Mimi nilikuwa na miaka yangu yote ya kufundisha bila chaki safi. Tuliandika.

Jumamosi, 26 Oktoba

Fulgensi tena. Amevaa koti, kwa hiyo nikajua ni jambo. Alizunguka, akauliza mahindi, akauliza magoti yangu, akanywa chai yote. Ndipo akalitoa. Mkwilima anaomba kwa heshima zote kama mama angeona vema apunguziwe magome kidogo tu, pale Misunkumilo, kwenye miti michache, kwa ajili ya ukumbi.

Nilitaka kumtupia kikombe. Lakini mtu mzima hamjibu mkwilima hapana. Hapana ni neno la watoto na askari. Na kwa nini nimpe heshima ya jibu kamili? Nikamtazama Fulgensi, nikasema, "Tutaona."

Kila mtu Tanganyika hii anajua maana ya tutaona. Mzazi akikwambia tutaona kuhusu mchango wa shule, usimngoje. Ukimwomba mtu shamba akasema tutaona, tafuta kwingine. Ni hapana iliyovaa viatu. Fulgensi akainamisha kichwa, akashukuru, akaondoka na koti lake. Nilijiona nimefanya jambo la kistaarabu mbele ya watu wasio na ustaarabu.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Mabati yalipiga kelele usiku kucha. Nimepanda mahindi ya nyuma ya nyumba. Mgongo unaniuma.

Jumapili, 3 Novemba

Shija ameniletea sukari na kitenge kupitia kwa Resti. Kitenge kina rangi ya chungwa na mapicha ya tausi. Anadhani mimi ni nani, msanii wa Bongo Fleva? Resti alisema ni ahsante. Nikauliza ahsante ya nini, akasema ahsante tu, mama, ya moyo wako. Anajipendekeza. Amejua kabati limenikera. Nimekiweka chini kabisa ya sanduku.

Kanisani Fulgensi alinipa mkono na kunishikilia muda mrefu, macho yamelowa. Akasema mama kama mimi ni wachache. Hilo ni kweli.

Jumatatu, 11 Novemba

Bado nina kanga ya jikoni kiunoni. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi nilikwenda bandani kutafuta jogoo. Nikaona magome yameegemezwa ukutani. Siyo yale ya mabanzi, membamba, yaliyochanika. Haya yalikuwa marefu kuliko mtu, mapana, yamekunjamana kama mkeka, na upande wa ndani yalikuwa bado mabichi, meupe yanayoelekea uwekundu. Nikayashika. Yalikuwa na maji. Nikanusa. Mtundu. Hakuna mtu mwingine mwenye mitundu ya ukubwa huo mpaka ufike hifadhini.

Nilichukua bodaboda na kanga ya jikoni. Sikubadili viatu.

Walikuwa watatu: Shija na ndugu zake wawili kutoka Usevya, wale wanene. Wana panga, wana ngazi. Mvua ikishaanza, gome linaachia mti kirahisi, na mtu aliyekulia porini analivua zima bila kulipasua. Walikuwa wanavua vizuri sana. Kutoka kifundoni mwa mti mpaka juu ya ngazi, kuzunguka. Miti mingine walishamaliza. Imesimama uchi, inang'aa, inatoa maji. Sijawahi kuona kitu kama hicho maishani mwangu.

Nilipiga kelele. Na yule mpumbavu alifanya nini? Aliniona, akakumbuka adabu. Akanipa ubavu. Akaingia majanini, akainamisha kichwa, akasimama humo kwa heshima, akingoja mama mkwe apite. Na ndugu zake, kwa kuwa yeye hakuwaambia acheni, wakaendelea. Panga linaingia, gome linaachia, na mkwilima wangu yuko majanini ananiheshimu.

Nikamwita kwa jina. Shija! Jina lake mdomoni mwangu kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Akajikunyata. Ndugu zake wakageuka lakini panga halikushuka. Nikasema simameni. Mmoja, yule mkubwa, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mama, si ulisharuhusu?"

Hapo nikashika fundo la kanga kiunoni. Nikasema, "Nyie, nikihesabu tatu navua hii kanga na kila kilicho chini yake, na mtanitazama nyote."

Sikuhesabu hata moja. Hakuna Msukuma wala Mkonongo wala Mfipa anayesubiri kuona uchi wa mama mkwe; ni laana. Waliruka kama mbuzi waliosikia fisi. Ngazi ilianguka. Kiatu kimoja kilibaki. Shija alikimbia ndani ya miiba, nilisikia shati lake linachanika mpaka likanyamaza.

Nikabaki na fundo langu mkononi. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya parokia. Sijutii.

Jumanne, 12 Novemba

Nimerudi kuiangalia. Karibu nusu ya miti. Ile minene ya upande wa mto, ambayo nyuki wanaipenda, ndiyo waliyoanza nayo, kwa kuwa ina magome mapana.

Chakula cha mti kinashuka kupitia kwenye gome. Ukilivua kuzunguka pande zote, hakuna kinachofika mizizini. Mti hauanguki siku hiyo. Unasimama na majani yake, unajidai, msimu mmoja, pengine miwili. Nilikuwa nikiwafundisha watoto hivyo, na mchoro ubaoni. Huyu amefundishwa hivyo pia, tena huko Moshi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilimwita Fulgensi. Sikumpa chai. Nikamwuliza alipeleka neno gani. Akasema alipeleka lile nililompa. Nikasema lirudie. Akajikohoza. Alimwambia Shija kwamba mama amelipokea ombi, amesema tutaliona pamoja, na moyo wake ni mweupe.

Nikasema nilisema tutaona. Akasema ndiyo, mama, ndivyo hivyo. Kwa watu wa Shija mkubwa akikataa hukemea, hufukuza, humwaga pombe chini. Mkubwa akisema kwa upole, na mshenga akarudi akitabasamu, hilo ni ruhusa. Sukari na kitenge vilikuwa vya kufunga neno, na mimi nilivipokea.

Nilivipokea. Niliviweka sandukuni.

Nimemfukuza Fulgensi. Mzee ana miaka sabini na kitu, amepeleka maneno ya mji mzima huu na hajafikisha hata moja kama lilivyo. Ametembea na koti lile kati ya nyumba na nyumba akiwapa watu wanachotaka kusikia, na wanamwita mpatanishi. Afadhali wangemtuma mbwa. Mbwa angefika na barua kinywani.

Jumamosi, 16 Novemba

Mlipuko bandani mchana. Nilidhani mtungi wa gesi. Kumbe ni mkate.

Ndugu za Shija waliyasaga magome ya Misunkumilo yakiwa mabichi, kwa haraka ya ukumbi, bila kuyaanika. Ukiyabana majimaji kwenye chuma cha moto, mvuke unakosa pa kutokea. Wakilegeza jeki, ubao unapasuka kutoka ndani. Wamejaribu tena na tena. Kila mmoja umetoka umevimba katikati na kuchanika kama andazi lililochachuka. Hakuna hata kipande cha kuzibia dirisha la choo.

Miti yangu kwa andazi.

Nilikwenda kusimama mlangoni mwa banda nitazame. Hakuwemo. Fundi mnoa meno ndiye aliyekuwa anazima moto, peke yake, wale ndugu walishakimbia, akaniamkia bila kuniangalia. Anasema Shija hajaonekana tangu siku ile, amelala ndani, hali chakula. Vizuri.

Jumanne, 19 Novemba

Resti hajaja kwangu siku zote hizi. Nyumba zetu ziko ua mmoja, namwona akianika nguo, haangalii upande huu. Leo alikuja. Hakukaa.

Anasema mume wake anatetemeka usiku. Amekonda. Hanywi hata uji. Amekwisha kuamini kwamba amelaaniwa na mama mkwe, kwamba hatazaa, kwamba mikono yake haitatengeneza tena kitu. Wazee wa kwao wamekaa kikao Usevya. Nilimwambia mimi ni Mkatoliki na sina laana, nina hasira. Nikamwambia vilevile kwamba hofu hiyo ndiyo dawa ya kwanza inayomfaa, aimeze taratibu. Yeye akae na mumewe akijua hakuna mtu wa familia ile atakayeikaribia miti yangu tena mpaka mwisho wa dunia.

Akanitazama. Ana macho ya baba yake. Akasema, "Ungesema hapana tu, mama. Neno moja. Ulimwona hastahili hata hilo."

Akaenda zake. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka maharage yakaungua.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Sikuandika jana kwa kuwa hakukuwa na kitu. Leo pia hakuna.

Jumapili, 24 Novemba

Wamekuja. Baba mdogo wa Shija kutoka Usevya na shangazi yake, na Fulgensi nyuma yao kama mkia. Wamekaa kwenye mkeka. Wanataka nimtemee mkwilima maji ya baraka: mama mkwe anachukua maji kinywani, anampulizia mwanamume kifuani, anasema amefungua. Bila hivyo, wanasema, Shija hatasimama, nao watamchukua wampeleke kwao, na mke wake atafuata.

Mke wake ni Resti. Usevya siyo mwezini, lakini nikifikiria ua huu bila nguo zake kwenye kamba, nachukua ufagio nifagie tena.

Nimeyapima yote mawili. Wao wakiogopa, ile nusu ya miti iliyobaki inasalimika. Naijua familia hii, kinachowazuia ni hofu, siyo haya. Nikimfungua, hofu inaisha, na mwakani kuna ukumbi mwingine. Nisipomfungua, nina miti na sina mtoto.

Nilitaka kusema neno lile la kawaida nililozoea kusema. Lilifika kwenye meno. Nikalimeza. Nikasema nitamtemea maji kwa sharti moja. Atakuja mwenyewe. Bila mshenga. Atanitazama usoni na kunisikiliza kwa masikio yake. Shangazi akasema hilo haliwezekani, ni mwiko. Nikasema mwiko nilishauvunja mimi, nikiwa na kanga. Baba mdogo akaangalia chini. Fulgensi akaanza kusema mama ana maana kwamba. Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza.

Jumapili, 1 Desemba

Amekuja. Walimshika mkono mpaka kizingitini kisha wakamwachia. Kweli amekonda, shati linaning'inia. Nilikuwa nimekaa. Nikamwambia, inua uso. Ilimchukua muda. Sijawahi kuyaona macho yake kwa karibu. Ni macho ya kawaida. Kuna moja limeanguka kidogo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliifanyia kazi siku nne, yenye Moshi ndani yake, na kabati, na andazi. Ingemkata kuanzia kichwani. Nilipomwona ananitazama, ameshikilia suruali yake kwa vidole kama mtoto aliyekojoa darasani, hotuba yote ikanitoka. Nikasema, "Hapana."

Akasema, "Nimesikia, mama."

Nikasema, "Siyo gome moja. Siyo kidogo. Siyo mti mmoja. Hata nikifa. Hapana."

Akasema, "Nimesikia. Nilidhani..." Akaacha. Akasema, "Nilidhani mama ametupatia. Nilifurahi."

Nikachukua maji kinywani. Ukiwa na maji kinywani huwezi kumtukana mtu, hilo nimeligundua leo. Nikampulizia kifuani. Aliruka kidogo, yalikuwa ya baridi. Resti alikuwa amesimama mlangoni analia, kisha akacheka, kwa sababu maji yalimpata mumewe usoni pia.

Bado namwona mjinga. Baraka haibadilishi akili ya mtu. Lakini sasa ni mjinga aliyeambiwa.

Jumatano, 11 Desemba

Mashine inalia tena. Imerudi kusaga mawe. Anapita kwenye viwanja vya mbao na toroli, anakusanya magome ya mabanzi, anayapiga kwa fimbo mchanga utoke, anayaanika siku nzima juu ya turubai kwenye uwanja wangu, kwa hiyo kuku wangu hawana pa kutembea. Ameongeza vumbi la mbao na kupunguza magome. Ubao umekuwa mweupe zaidi. Niliingiza msumari kimyakimya wakati hayupo. Ulishika.

Ukumbi hautakamilika kabla ya Krismasi. Mwenye ukumbi amefoka, na ana haki. Watu watacheza harusi chini ya mabati kama zamani.

Amerudia kunipa ubavu. Nami nampa mgongo. Fulgensi hajaja.

Jumatano, 18 Desemba

Nimekwenda Misunkumilo na Resti. Yeye ndiye aliyeomba. Alibeba chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Shija alitupeleka kwa pikipiki ya kuazima, mmoja mmoja, kisha akabaki barabarani, akatupa ubavu.

Mvua imefanya kazi yake. Kila kitu ni kijani. Ile iliyovuliwa nayo ni kijani, majani mapya, mekundumekundu ncha zake kama kawaida ya mtundu. Shina chini limekauka na kuwa la kijivu, sisimizi wanapanda na kushuka, lakini ukiangalia juu huoni tofauti kati ya mti na mti. Kwenye mmoja wa hiyo iliyovuliwa, mkubwa kuliko yote, nyuki wameingia mzinga ambao ulikuwa mtupu tangu mwaka juzi. Wanaingia na kutoka, wana haraka zao.

Resti alizunguka akiigusa. Akageuka, uso umemjaa matumaini, akauliza kama imepona.

Nikamwambia hapana. Nikamweleza jinsi chakula kinavyoshuka, na mizizi inavyokula akiba yake mpaka iishe. Alisikiliza mpaka mwisho, kama wakati ule alipokuwa darasani kwangu na hakutaka wenzake wajue mimi ni mama yake. Hakulia sana. Tukakaa chini ya ule mkubwa, tukala mihogo. Tukazungumza mambo ya nyumbani, na bei ya mbegu, na mtu wa Ilembo aliyeoa tena.

Jua lilikuwa kali. Shija alikuwa bado barabarani kwenye jua, amesimama kando ya pikipiki, kichwa upande. Nikampa Resti chai iliyobaki ampelekee. Nilikaa peke yangu nikiwangoja. Kivuli kilikuwa kizuri, kizito, na mwakani hakitakuwepo.